Siku ya kuonja waini Stellenbosch na Franschhoek: dereva safi, ila mashamba manne ni mengi

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda asihangaike kusoma yote. Siku yenyewe ilikuwa tamu, kaka aliyetuzungusha anastahili nyota 5 zote, kampuni iliyomtuma mi naipa 3 na nusu, na kama na wewe unapanga kwenda basi waambie mapema mnataka mashamba matatu, sio manne. Sababu zinakuja huko chini, vumilia kidogo maana na mimi nikianza kuongea sijui kuacha.

Tulikuwa watu sita, tuko Cape Town wiki nzima, mwezi wa pili. Siku ya nne mmoja wetu (huyu tunamwita Mhasibu kwa sababu hata akinunua pakti ya bisikuti anaigawa kwa sita na salio anadai) akasema haiwezekani tumefika mpaka huku alafu tuondoke bila kuyaona mashamba ya mizabibu. Sasa katika sita hao anayejua waini kwelikweli ni mmoja tu, shemeji yangu. Sisi wengine tulichokuwa tunajua ni kwamba kuna nyekundu, kuna nyeupe na kuna ile tamu ya kwenye maharusi. Na mmoja hakuwa anakunywa kabisa, ana mimba ya miezi mitano. Huyo nitamwita Mama Kijacho, mshikeni vizuri maana ndo staa wa stori hii.

Wazo la kwanza lilikuwa kukodi gari tujiendeshe. Stellenbosch ni kama kilomita 50 tu kutoka Cape Town na barabara ni lami safi. Wazo likafa pale tulipouliza nani atashika usukani. Sheria ya Afrika Kusini kwa dereva wa kawaida ni chini ya gramu 0.05 za pombe kwenye mililita 100 za damu, yaani ukishaonja onja mashamba mawili huna hamu ya kukutana na askari. Wote tukamgeukia Mama Kijacho. Akasema tusimwangalie hivyo, yeye na mgongo wake hawezi kuwa konda na dereva wa walevi watano. Kuna pia ile Wine Tram ya Franschhoek, unashuka shamba hili unapanda tena baadae, watu wanaisifia, lakini inazunguka bonde la Franschhoek tu na shemeji alikuwa hataki kusikia siku isiyokuwa na Stellenbosch. Ndo tukachukua kampuni yenye gari la abiria nane na mwongoza wageni wake. Jina la kampuni silitaji, nia yangu sio kumwaga unga wa mtu.

Tulikubaliana tuchukuliwe saa tatu kamili asubuhi. Saa tatu na dakika 40 ndo gari linaingia. Katikati hapo tumepiga simu ofisini mara tatu, na mara zote tatu dada wa simu anajibu kwa upole sana kwamba "yuko hapo nje tayari". Hapo nje palikuwa na njiwa wawili na mlinzi. Kumbe dereva alikuwa ameelekezwa hoteli nyingine yenye jina linalofanana na la kwetu, kosa la ofisi, sio lake. Lakini ambaye alishuka kwenye gari kuomba radhi ni yeye, akafungua mlango wa mbele akamwambia Mama Kijacho, wewe kaa hapa, kiti hiki kinalala nyuma. Hapo hapo nikajua siku itaenda vizuri.

Kaka huyu, dereva na mwongozaji wetu kwa pamoja, ni mtu wa makamo, mzaliwa wa Stellenbosch, bibi yake kavuna zabibu miaka na miaka. Kwa hiyo hakuwa anatusomea vitu vya kukariri. Njiani katuambia mji ulianzishwa 1679 na Simon van der Stel, mtawala wa Kiholanzi wa Cape, na jina ni la kwake, na kwamba waini ya kwanza ya Cape ilikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, Jan van Riebeeck, mkuu wa kwanza wa Waholanzi pale, kaiandika kwenye shajara yake akishukuru Mungu. Alafu akanyamaza kidogo akasema, na sasa niwaambie ambacho kwenye vipeperushi hakipo. Akatueleza habari ya "dop": kwa vizazi na vizazi wafanyakazi wa mashamba haya walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira wao kwa waini, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Baadae ikapigwa marufuku ila madhara hayakufuata sheria, na mpaka leo eneo hili la Western Cape ni kati ya sehemu zenye watoto wengi zaidi duniani walioathirika tumboni kwa pombe aliyokunywa mama. Alikuwa anaongea huku anaangalia barabara. Mama Kijacho kiti cha mbele kimya, mkono juu ya tumbo. Nani alitegemea siku ya kuonja waini ianze hivyo? Lakini mi niliona ni heshima, anatuambia tunakanyaga wapi kabla hatujaanza kucheka.

Shamba la kwanza lilikuwa la zile zenye mapovu. Usiite shampeni, dada wa pale alituwahi, shampeni ni ile inayotoka Champagne kule Ufaransa, hii ya kwao inaitwa Cap Classique, ingawa njia ni ileile: waini inachachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe na gesi haina pa kutokea. Ya kwanza kutengenezwa kwa njia hiyo Afrika Kusini ilikuwa ya shamba la Simonsig, mwaka 1971. Akatuambia mgandamizo ndani ya chupa ni kama mara mbili au tatu ya tairi la gari, ndo maana kioo chake kinene na kizibo kimefungwa waya. Mhasibu aliyekuwa ameielekeza chupa usoni kwake anasoma lebo akairudisha mezani taratibu.

Hapo ndo tukafundishwa kuonja. Shika glasi kwenye mguu wake, sio kwenye tumbo, mkono unapasha moto. Izungushe, harufu iamke. Ingiza pua yote, usione aibu. Alafu piga funda, litembeze mdomoni kabla ya kumeza au kutema. Kila meza ina ndoo ya kutemea na mwanzoni hakuna aliyeitumia isipokuwa shemeji, ambaye anatema mstari ulionyooka kama bomba, inaonekana kajifunza siku nyingi. Mhasibu alisema hawezi kutema kitu alicholipia. Kisha akakaa akapiga hesabu: kila glasi ya kuonja ni kama mililita 30, glasi tano kila shamba, mashamba manne, jumla mililita 600, na chupa nzima ni 750. Yaani ukimeza zote, kufika saa kumi jioni umebakiza kidogo tu umalize chupa peke yako na jua la Februari linakupiga utosini. Akaivuta ndoo karibu yake.

Shamba la pili ndo bora kuliko yote na ningekaa hapo mpaka jioni. Tulibahatika kwenda wakati wa mavuno, huku wanavuna kuanzia mwisho wa Januari mpaka Machi hadi Aprili kulingana na aina ya zabibu, kwa hiyo trekta zinaingia na kutoka, nyigu wamejaa, na ukikaribia ghala unapokelewa na harufu ambayo sijui niifananishe na nini, kama togwa iliyokolea imekutana na matunda yaliyoiva kupita kiasi. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye meza ya kuchambua, viganja vyeusi kabisa kwa rangi ya zabibu mpaka kwenye mistari ya vidole, alituona tumesimama tumeduwaa akaniita kwa kidole. Akachukua tunda moja jeusi tii, akaliminya mbele ya macho yangu. Maji yaliyotoka ni meupe. Kabisa! Miaka yote nilijua waini nyekundu inatoka kwenye zabibu zenye juisi nyekundu. Kumbe rangi iko kwenye ganda, wanaacha juisi ilale na maganda ndo inakuwa nyekundu, na ule ukakasi unaokausha ulimi, tanini wanaita, nao unatoka humo humo kwenye maganda na mbegu, na mwingine kwenye mbao za pipa. Zabibu nyeusi ukiikamua ukatoa maganda haraka unapata waini nyeupe. Mzee alicheka sana kuona sura yangu, akanipa tunda la pili nile. Tamu kuliko zabibu za kula, ila mbegu nyingi na ganda gumu.

Chini ghalani baridi nzuri, mapipa ya mwaloni wa Ufaransa yamepangwa safu kwa safu, kila moja lita 225 ambayo ni kama chupa 300. Nikauliza kwa nini wayatoe Ufaransa wakati mji wa Stellenbosch umejaa miti hiyo hiyo ya mwaloni barabara zote, mpaka unaitwa mji wa mialoni. Mwongozaji wetu akasema wakoloni waliipanda kwa ajili hiyo hasa, ila joto la huku liliukuza mti haraka mno, mbao zikawa na vitundu, ukiweka waini inavuja. Kwa hiyo imebaki kivuli cha watalii.

Sasa Mama Kijacho. Dada wa shamba hili alimuuliza tu, hunywi? Akasema hapana. Basi akamletea juisi ya zabibu ya pale pale, kwenye glasi ileile ya waini, ikiwa baridi, alafu akamwambia lakini kunusa unaruhusiwa, kila glasi ikipita kwa wenzako ianze kwako. Jamani! Wenye mimba wana pua ya mbwa wa polisi. Ya kwanza akasema majani yaliyokatwa saa hii, ni Sauvignon Blanc, sahihi. Chenin Blanc, ambayo ndo imepandwa kwa wingi kuliko zote nchini humo na zamani wakiiita Steen, akasema embe na asali. Tukafika Shiraz. Kaingiza pua, katoa, kaingiza tena, akasema hii mmeweka pilipili manga. Wote tukacheka. Dada hakucheka. Akasema hatujaweka ila umepata, kilichomo kwenye ganda la zabibu hii ni kitu kilekile kinachoipa pilipili manga harufu yake. Shemeji ambaye alikuwa ametuambia "matunda meusi" akanyamaza akaangalia mlima.

Kutoka hapo tukavuka Helshoogte, njia inapanda kati ya milima alafu bonde linafunguka upande wa pili, mashuka ya kijani mpaka macho yanachoka. Tumepita Pniel, kijiji kilichoanzishwa 1843 na wamisionari kwa ajili ya watumwa waliokuwa wameachiwa huru. Utumwa Cape ulifutwa 1834 ila waliwekwa miaka minne mingine ya kile walichokiita uanagenzi. Na watumwa wenyewe walitoka wapi? Kaka akahesabu: India, visiwa vya Indonesia, Madagaska, Msumbiji. Msumbiji ni pwani yetu hii hii. Shamba la tatu lina kengele ya zamani nje, nyeupe, nzuri, watu wanapigia picha za harusi hapo, ndo kengele iliyokuwa inawaamsha hao. Sikuipiga picha.

Hapo ndo palipotokea la chakula. Ujumbe wa kampuni uliandika "chakula cha mchana shamba la tatu". Wewe ungeelewaje? Sisi tulielewa kimelipiwa. Tumekula kwa raha zetu, kuku, mikate, jibini za aina nne, bili inakuja mezani. Mhasibu akafungua simu akausoma ule ujumbe kwa sauti, neno kwa neno, na kweli hakuna mahali palipoandikwa "bure" wala "ndani ya bei". Tumelipa. Sio hela ya kutufilisi, ila andikeni vizuri, kinawagharimu nini? Kilichokuwa ndani ya bei ni usafiri, mwongozaji na ada ya kuonja mashamba yote manne, na hiyo Mama Kijacho kalipishwa kamili kama sisi wakati hata tone hajanywa. Tulipouliza, ofisi ikasema bei ni ya kiti.

Lakini shamba hilo la tatu nalo lina tukio lake. Wametuletea Pinotage, zabibu ambayo ni mzaliwa wa huku huku, profesa Abraham Perold aliichanganya 1925 pale Stellenbosch, Pinot Noir na Cinsaut, na kwa vile Cinsaut walikuwa wakiiita Hermitage jina likatoka hapo. Shemeji huwa anaidharau, anasema inanuka mpira ulioungua. Mimi niliipenda, nzito, kama moshi wa mbali na plamu. Sasa tukiwa tumeshamaliza glasi ya kwanza ikafunguliwa chupa nyingine tofauti, ikazunguka, wote tunatikisa vichwa mm, mm, shemeji anaongea kuhusu udongo. Ikafika kwa Mama Kijacho ambaye alikuwa amechelewa kutoka chooni. Kaweka pua mara moja tu akarudisha kichwa nyuma. "Hii inanuka gunia lililolowa." Mhudumu akaichukua, kanusa, uso ukabadilika, akaomba radhi na kwenda na chupa yote. Kizibo kilikuwa kibovu, kuna ugonjwa wa vizibo vya gome unaoipa waini harufu ya karatasi gumu lililolowa, haudhuru mtu ila unaua waini yote. Watu watano tulikuwa tumeshaisifia! Chupa mpya ikaja, na ukilinganisha ndo unaona, ya mwanzo ilikuwa kama redio iliyofunikwa blanketi. Kuanzia hapo hakuna aliyeonja kabla Mama Kijacho hajatoa kibali.

Tungeishia hapo ningeandika nyota 5 nikalala. Lakini ratiba ina shamba la nne, Franschhoek, kule walikofikia Wahugenoti, Waprotestanti waliokimbia mateso Ufaransa, 1688 ndo maana jina ni "kona ya Wafaransa". Ni pazuri, sina ubishi, ila tumefika saa kumi kasoro, tumeshachelewa kwa zile dakika 40 za asubuhi, na wao wanafunga saa kumi na moja. Glasi zimeletwa zote tano kwa mpigo. Ulimi wangu umeshakufa. Nilikuwa nazungusha glasi kwa sababu mkono umezoea. Mtu ananiuliza unasikia nini nikasema nasikia usingizi. Waini nzuri inawezekana zilikuwa hapo, mi siwezi kukwambia, na huo ndo uchungu wenyewe kwa sababu ukiigawa bei kwa manne, robo ya pesa yangu ilienda kwenye glasi ambazo sikuzionja kwa maana ya kuonja. Mama Kijacho kapewa maji ya bomba. Mhasibu kanunua chupa tatu, kesho yake asubuhi anatuuliza za nani.

Tungetumia muda ule pale kwa mzee wa viganja vyeusi. Au tungeenda taratibu kwenye kitu ambacho hakikuwa hata kwenye ratiba: wakati wa kurudi kaka alizunguka njia ya Paarl akasimamisha gari nje ya gereza la Drakenstein, zamani Victor Verster. Hapo getini ndipo alipotoka Mandela kwa miguu, 11 Februari 1990. Kuna sanamu yake, ngumi juu, na nyuma yake ile milima tuliyokuwa tunaishangilia kutwa. Alitupa dakika tano kwa sababu gari lilitakiwa ofisini. Tulishuka wote hata waliokuwa wanakoroma. Hakuna aliyepiga kelele.

Ushauri mdogo kwa mnaoenda. Kuleni asubuhi, na sio chai na andazi, kuleni. Maji kila mkipata. Kofia. Msijipake manukato, mtajiharibia pua na ya wenzenu. Anzeni na nyeupe kwenda nyekundu, wao wenyewe watawapangia. Chupa mtakazonunua zinaenda kwenye begi la chini ya ndege, mimi ya kwangu niliiviringisha kwenye suruali ya jinzi miguu yote miwili alafu nikaizungushia taulo, ikafika salama. Za Mhasibu moja ilipasuka, mashati yake sasa yana rangi ya yule mzee. Na mwongozaji mpeni chochote mkononi mwake mwenyewe, sisi tulimpa asilimia 10 na kitu na bado niliona kidogo.

Siku mbili baadae kampuni ikatuma ujumbe kutuuliza wangeboresha nini. Mhasibu akajibu kwa niaba yetu, aya nne, za saa tatu na dakika 40, za chakula, za bei ya kiti, na mwisho akaandika shamba la nne litoeni. Wakajibu asante sana, tumepokea, na kutualika tukirudi tujaribu ratiba yao mpya ya mashamba matano.